Majengo, mnasikiliza nini siku hizi?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali ambalo huenda hujaulizwa tangu ulipomaliza shule: wiki hii umesikiliza nyimbo gani? Sizungumzii zile unazozitaja mbele ya wageni. Nauliza juu ya ule wimbo ulioupiga mara tatu mfululizo ukiosha vyombo, au ukiwa peke yako chumbani na mlango umeufunga.

Wengi wakiulizwa swali hili hujibu kama watu walioitwa mbele ya kamati ya shule. Mzee atataja Franco na Tabu Ley, ili ijulikane kwamba naye aliuona mji ukiwa mji. Mama atataja nyimbo za injili, hata kama jana usiku alikuwa akitikisa mabega kwa rumba jikoni. Kijana naye atataja wimbo uliotoka juzi, kwa kuogopa wenzake wasije wakamwona mshamba. Ukitaka ukweli, usimwulize mtu. Pita njiani utege sikio.

Na mahali pazuri pa kutega sikio ni Majengo. Bila shaka wajua kwamba Kenya ina mitaa mingi yenye jina hilo. Mombasa ina Majengo yake, Nairobi ina yake kule Pumwani, na Nyeri vilevile. Leo tutazame ile iliyo upande wa mashariki wa Mlima Kenya: Majengo ya Meru na Majengo ya Embu. Miji hii miwili ilianza kama vituo vya serikali ya mkoloni, Embu mwaka wa 1906 na Meru mwaka wa 1908. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya bara, kando ya boma walikusanyika askari, wapagazi, wachuuzi na mafundi kutoka kila pembe, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, Kiswahili kikawa ndicho cha kununulia chumvi na cha kugombania maji.

Ndiyo sababu sikio la Majengo ni pana. Nje ya mtaa watu huongea Kimeru au Kiembu. Ndani ya mtaa utasikia Kiswahili, na nyuma ya ukuta utasikia Kikamba, Kigikuyu, hata Kiborana. Msikiti uko hapa, kanisa liko pale. Nyumba zimepakana kiasi kwamba redio ya jirani ni yako, upende usipende. Akipiga qasida alfajiri, umeamshwa na qasida. Akipiga rege usiku wa manane, nawe umepiga rege.

Kadi ya salamu

Vijana wa leo wanadhani kwamba kumwambia mwenzio unasikiliza nini ni jambo lililokuja na simu. La hasha! Wazazi wenu walilifanya kwa miaka mingi, tena kwa kalamu na stempu.

Kabla ya mwaka wa 1996, msikilizaji wa Kenya hakuwa na stesheni ya kuchagua. Kulikuwa na Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 ilirudishiwa jina la KBC, basi. Aliyetaka Kiswahili alifungua Idhaa ya Taifa, akasikiliza habari, matangazo ya vifo, mpira, na salamu. Hizo salamu ndizo zilizokuwa moyo wa redio. Mtu alinunua kadi, akaandika jina lake na sanduku lake la posta, akawaorodhesha anaowasalimu, akataja wimbo anaouomba na ujumbe wa kuusindikiza. Kisha akangoja. Wiki mbili, wiki tatu, siku moja mchana mtangazaji akasoma jina, na mtaa mzima ukasimama.

Msomaji uliyezaliwa na simu mkononi, fikiria uzito wa jambo hilo. Hakukuwa na namna nyingine rahisi ya fundi cherehani wa Embu kumwambia kaka yake aliye kazini Mombasa kwamba yu hai na hajamsahau. Simu ilikuwa katika posta, na ilikula sarafu kama mbuzi anavyokula majani. Salamu za redio zilimfikia kaka, zikamfikia na mwenye nyumba, na zikawafikia wote waliokuwa wakimdai. Ule wimbo uliofuata ulikuwa ni zawadi. Uliuchagua kwa makini, kwa sababu taifa zima lingekupima kwa wimbo huo.

Waliozoea jambo hili walijipa majina ya sifa, wakajulikana kutoka Lamu hadi Busia na watu ambao hawajawahi kuwaona kwa macho. Baadaye wengi waliunda vikundi, wakashona fulana za rangi moja, wakawa wanachangiana harusini na matangani. Vikundi hivyo vingali vipo. Kadi imegeuka kuwa ujumbe wa simu, lakini mtu angali anangoja jina lake lisomwe.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi hulipenda sana. Redio za kibinafsi zilipoenea, kampuni ya Royal Media, yenye Radio Citizen, ilianzisha stesheni ya Kimeru na ya Kiembu. Ya Meru iliitwa Muuga na ya Embu ikaitwa Wimwaro. Yote mawili ni maneno ya kuamkiana. Kwa hiyo hata mwenye kuipa redio jina alijua kwamba upande huu wa mlima wimbo hutanguliwa na salamu.

Kasongo amerudi

Sasa njoo tusikilize wenyewe wanapiga nini. Naanza na wazee, nao hawana haraka.

Ukiwapata wazee wa mtaa Jumamosi asubuhi, usiwape habari za siasa. Kwa miaka mingi asubuhi hiyo imekuwa ya Roga Roga, kipindi cha Fred Obachi Machoka katika Radio Citizen, na hapo ni rumba tu. Wazee hawa hawasikilizi wimbo hivi hivi. Wanausikiliza kama mwanasheria anavyosoma hati. Gitaa hili ni la nani? Huyu aliimba kabla ya bendi kuvunjika au baada yake?

Chukua mfano wa Wanyika. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga, wakaja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 70, wakapiga muziki kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga, miongoni mwao Omari Shabani mpiga gitaa la ridhimu, aliyeitwa Profesa, na Tom Malanga wa besi. Wakamchukua John Ngereza, wakajiita Les Wanyika, wakatoa Sina Makosa. Hadi leo wimbo huo ukipigwa harusini, shangazi zote huinuka. Hilo hunichekesha kila mara, maana anayeimba ni mtu mwenye mke nyumbani, na anayeimbiwa ni mke wa mtu! Lakini gitaa la Profesa Omari likianza kutembea, nani atakumbuka kukagua maneno?

Wazee wakishindana kuhusu Wanyika, hamtaondoka hapo mapema. Kuna wa Simba, kuna wa Les, na kuna wanaoapa kwamba aliyewazidi wote ni Issa Juma wa Super Wanyika. Mimi ni wa Les, na sitaki barua.

Halafu kuna jambo lililowashtua wazee hao hao. Bendi ya Orchestra Super Mazembe ya akina Mutonkole Longwa Didos ilitoka Kongo, ikapitia Zambia, ikafika Nairobi mwaka wa 1974. Mwaka wa 1977 ikatoa wimbo wa Kilingala uitwao Kasongo, ambamo mke anamsihi mumewe aliyepotea arudi nyumbani. Ulipendwa, ukazeeka, ukawekwa katika kabati la zilizopendwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2024, vijana waliozaliwa karibu miaka 30 baada ya wimbo huo walianza kuupiga katika video zao fupi za simu, wakaligeuza jina la Kasongo kuwa la utani kwa Rais William Ruto. Ghafla mtoto wa kidato cha tatu akawa anaimba Kilingala ambacho hata babu yake hakielewi.

Wazee wengine walichukia, wakaona wimbo wa mapenzi umetiwa matope ya siasa. Mimi nasema heri hivyo. Katika nyumba nyingi ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtoto kumwuliza mzee jambo kuhusu muziki, na mzee akawa na la kujibu. Kutoka Kasongo mtoto akafika Shauri Yako, wa Mazembe hao hao, na hapo mzee mjuzi alipata nafasi ya kumweleza kwamba mtunzi wake ni Nguashi N'Timbo. Kutoka hapo si mbali kufika Malako wa Samba Mapangala na Virunga. Kama humo nyumbani mwenu hamjaisikiliza Malako pamoja, nunueni bando la leo mfanye hivyo kabla ya chakula cha jioni.

Wapo pia wazee wasiotaka Kongo. Embu imepakana na Ukambani, na huko jina la Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers bado lina uzito. Kakai alifariki mwaka wa 1987, lakini kwa sababu aliimba Kiswahili pamoja na Kikamba, benga yake ilivuka mito na kuingia kila mji. Wengine hawatoki kwa Joseph Kamaru, aliyetuaga mwaka wa 2018. Na katika nyumba za Waislamu wa mtaa, kuna mabibi ambao kwao muziki ni Juma Bhalo na Zuhura Swaleh wa Mombasa. Mengine yote ni kelele za watoto.

Vijana nao

Kwa vijana mambo huenda mbio, na makala yoyote yenye kutaja wimbo wao mpya huwa yamepitwa kabla ya wino kukauka. Basi nitataja tu njia walizopitia. Mwaka wa 1997 Kalamashaka walituonyesha kwa Tafsiri Hii kwamba Kiswahili cha mtaani kinaweza kubeba jambo zito. Kisha wakaja akina E-Sir, aliyefariki katika ajali mwaka wa 2003 akiwa kijana mbichi, na ambaye watu wa rika lake hawajakubali kwamba ameondoka. Mwaka wa 2018 kundi la Ethic lilitoa Lamba Lolo, gengetone ikazaliwa, na wazazi kote nchini wakaanza kuzima redio kwa vidole vinavyotetemeka. Sauti Sol, waliokuwa salama hata mbele ya mama mkwe, waliagana na mashabiki wao Novemba 2023. Tanzania nayo haijaacha kutuletea Diamond, Harmonize, Zuchu na wenzao, na wasichana wengi wa Majengo huwajua kuliko wanavyowajua wabunge wao.

Rege ni habari nyingine. Panda gari la kwenda Maua, kule kwenye miraa, uone kama utafika bila kusikia Lucky Dube. Huyu Msauzi aliuawa Oktoba 2007, lakini kwenye barabara za Meru angali ana kazi ya kila siku. Kwa nini rege ikapendwa hivyo? Wengine husema ni kwa sababu mapigo yake yanalingana na mwendo wa gari mlimani. Sina hakika kama hilo ni la kuaminiwa, lakini nimelipenda.

Jumapili, mtaa hubadilika. Rose Muhando na Christina Shusho kutoka Tanzania hutawala hadi saa nane mchana. Usidhani mpaka kati ya kanisa na baa ni mkubwa kama wachungaji wanavyotaka. Katika miaka ya 2000 Esther Wahome alitoa Kuna Dawa, wimbo wa injili, na ulichezwa na watu wenye chupa mkononi bila aibu yoyote.

Kinachonitia wasiwasi kuhusu vijana si nyimbo zao, maana kila kizazi kilitukanwa kwa nyimbo zake. Ni vile vidude vya kutia masikioni. Katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi utawakuta baba, mama na watoto watatu, kila mmoja ana wimbo wake na hakuna ajuaye mwenzake anasikiliza nini. Ugomvi wa redio umekwisha, ndiyo, na kwa hilo akina mama wengi wanamshukuru Mungu. Lakini ugomvi ule ndio uliotufundisha nyimbo za wazazi wetu. Hukuzichagua, zilikukuta sakafuni ukifanya hesabu. Mtoto wa leo hakutwi na wimbo wa mtu mwingine ndani ya nyumba yao. Anaupata kwa jirani, au kwa simu inayompa kile ambacho tayari imeona anakipenda.

Shilingi inaishia wapi?

Tuje kwa jambo ambalo mashabiki hawapendi kulizungumza. Katika miji hii kuna vibanda vya kuuza filamu na nyimbo. Unapeleka flashi, unataja unachotaka, unalipa pesa kidogo, unajaziwa nyimbo mia. Ni huduma nzuri, na fundi huyo mara nyingi anajua muziki kuliko watangazaji. Ila katika shilingi zako, aliyeimba hapati hata senti.

Si jambo jipya. Wakati wa santuri, Nairobi ilikuwa na viwanda na maduka yaliyovuta wanamuziki kutoka Kongo, Tanzania na Uganda. Melodica ya barabara ya Tom Mboya ni moja ya maduka ya wakati huo. Kisha kanda zikaja. Kanda moja halali ilizaa kanda hamsini za wizi, na kampuni kubwa zikafungasha virago. Wengi wa wale tunaowapigia makofi kila Jumamosi walikufa bila kitu.

Wakati mwingine hata jina la mwenye wimbo hupotea. Malaika imeimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M, ikazunguka dunia. Fadhili William ndiye aliyeirekodi ikajulikana, lakini Adam Salim naye alidai hadi mwisho kwamba ni yeye aliyeitunga. Ubishi huo haujaisha, na waliokuwa na jibu wameshazikwa.

Serikali nayo ilijaribu. Mwaka wa 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu. Wasikilizaji walinung'unika, na mambo yakarudi yalivyokuwa. Miaka ya karibuni wanamuziki wamedai tena jambo lilo hilo. Mimi sidhani sikio huamriwa. Lakini mfuko waweza kuelekezwa. Ukiufanya wimbo kuwa mlio wa Skiza katika simu yako, mwenyewe hupata kitu. Ukiutazama katika ukurasa wake rasmi wa YouTube badala ya ule wa mwizi aliyeunakili, hupata kitu. Matatu, kinyozi na hoteli hutakiwa na sheria kulipia leseni ya muziki wanaoupiga, na wanamuziki wamelia kwa miaka kwamba wanachogawiwa na vyama vya kukusanya pesa hizo ni makombo. Hilo ni la kuwauliza wanaogawa. Wewe shika lililo mkononi mwako.

Kanda zilizo chini ya kitanda

Kama una bibi au babu Majengo, iwe ya Meru au ya Embu, kuna uwezekano mkubwa kwamba chini ya kitanda chake mna katoni ya kanda. Humo huwa mna mambo ambayo simu yako haina: maulidi yaliyorekodiwa mtaani, harusi ya mwaka wa 80 na kitu, kwaya iliyovunjika, ngoma za Chuka zilizonaswa siku ya sherehe za taifa, kipindi cha salamu chenye jina la marehemu mjomba. Vitu hivyo havikuuzwa dukani, na nakala ni hiyo moja. Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake wengi walikua nayo katika Je, Huu ni Ungwana?, alifariki Februari 2025. Kizazi chake kinaondoka, na utepe wa kanda nao unaoza kwa unyevu.

Likizo hii, kabla hujamwomba bibi pesa, mwombe katoni. Kaeni naye, mchukue kanda moja moja, na kila moja umwulize mambo manne: ni nani anayeimba, ilipatikana wapi, nani aliipenda, na ilipigwa siku gani. Andika kwa daftari, si kwa simu itakayoibwa kituoni. Usimkatize akianza kuimba. Kisha tafuta fundi mwenye deki nzima. Katika kila mji yupo mmoja au wawili ambao hawajatupa zao. Safisha kwanza kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, maana kichwa kichafu hula utepe. Nakili upande wa kwanza hadi mwisho bila kukata, hata pale unaposikia watu wakiongea tu, kwa kuwa mara nyingi maongezi hayo ndiyo yatakayotafutwa baadaye. Mpe bibi nakala yake kwenye flashi ya redio yake ndogo, na nyingine mpe binamu anayeishi mji mwingine.

Utepe ukikwama, usiuvute. Chukua kalamu ya Bic, itie katika tundu la kanda, uzungushe polepole ukielekea nyuma, mpaka uone umekaza.